Unataka mbwa wa mashindano? Kabla ya kutuma M-Pesa, pima ploti yako

Umeiona ile video. Mbwa mweusi mwenye mabaka meupe anachomoka kama risasi, anaruka viunzi, anazama ndani ya bomba la kitambaa na kuibuka upande wa pili, kisha anapenya nguzo 12 kwa zigizaga huku mwenyewe akikimbia kando na kumwelekeza kwa mkono tu. Umeirudia mara sita. Sasa ni saa tano usiku, uko kitandani hapo Magongo, unapekua matangazo ya vijibwa mtandaoni na jina ushampa tayari: Bosco.

Weka simu chini kidogo. Sikukatazi kufuga. Nataka tu ujue unanunua nini, maana mbwa si viatu, hakuna kurudisha namba ikikubana. Mtaani tunawajua akina Bosco walionunuliwa kwa hela nyingi na leo wamefungwa mnyororo nyuma ya choo, wanabweka kutwa kucha kwa sababu kazi waliyozaliwa kuifanya haipo hapo walipo.

Tuelewane kwanza kuhusu mashindano yenyewe, kwa sababu yako ya aina mbili na watu huyachanganya. Ya utiifu yanataka utulivu: mbwa atembee ubavuni mwako upande wa kushoto, aketi ukisimama, alale na abaki hapo hata ukienda mbali, aje ukimwita mara moja. Yalianza kupata umbo mwaka wa 1933 katika jimbo la New York, pale mama mmoja, Helene Whitehouse Walker, alipochoka kusikia kwamba Poodle wake ni mbwa wa mapambo. Akaandaa shindano kuonyesha kuwa chini ya zile nywele za saluni kuna kichwa kinachofanya kazi. Ya wepesi, yale ya kwenye video yako, ni machanga zaidi. Yalionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts jijini London mwaka wa 1978, kama burudani tu ya kujaza muda, kwa kuiga farasi wanaoruka viunzi. Hapa Kenya klabu inayosimamia mambo haya ni East Africa Kennel Club, na maonyesho yake yanajulikana zaidi pale Jamhuri Park, Nairobi. Kwa hivyo weka akilini pia safari ya kilomita karibu 480, na matatu ya kumbeba Bosco hupati kirahisi.

Sasa, mbwa gani?

Yule wa kwenye video karibu kila mara ni Border Collie, mchunga kondoo wa mpakani mwa England na Scotland. Mwaka wa 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren wa Kanada alichapisha kitabu kuhusu akili za mbwa. Aliwauliza waamuzi wa mashindano ya utiifu wa Marekani na Kanada, 199 wakamjibu. Border Collie akashika namba moja, Poodle mbili, German Shepherd tatu, Golden Retriever nne, Doberman tano. Labrador akawa wa saba, Rottweiler wa tisa. Hao wa juu kabisa hushika amri mpya kabla hujairudia mara tano, na hutii kwa neno la kwanza angalau mara 95 katika kila 100.

Mkiani, namba 78 kati ya 79, yuko Basenji, mbwa wa kwetu Afrika, kutoka misitu ya Kongo. Jina lake ni jamaa wa neno letu "washenzi", kwa hivyo unaona maskini alianza na mkosi. Mimi orodha hiyo naiheshimu lakini naisoma kwa makini: inapima nani anatii upesi, haipimi nani ana akili. Basenji amezoea kuwinda akijiamulia mwenyewe. Ukimwambia keti anakutazama kama mpangaji anayemtazama landilodi tarehe tano. Ameelewa. Hajaamua tu.

Kwa mashindano, bila shaka, utii ndio unaolipa. Shida inaanza pale unapoichukua orodha kama menyu ya hoteli, ukanyoosha kidole juu kabisa na kusema nipe huyo.

Mchukue huyo Border Collie. Wazee wake walikimbia milimani kwenye baridi siku nzima. Mlete Chaani mwezi wa Februari, joto limepita nyuzi 30 na unyevu wa bahari umekukalia kifuani. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama wewe, hupoa kwa kuhema, na hewa ikishajaa unyevu kuhema hakumsaidii sana. Hata hivyo joto unaweza kulikwepa kwa kufanya mazoezi alfajiri. Kukosa kazi ndiko hukwepi. Collie asiye na kondoo atachunga chochote kinachosogea: watoto wa jirani, pikipiki, matairi ya trela. Na ukishataja trela kwenye barabara ya Magongo, sihitaji kukumalizia hadithi.

German Shepherd ndiye kipenzi cha Wakenya, nadhani kwa sababu tumezoea kumwona na polisi. Kwa utiifu ni chaguo zuri kweli. Kwa wepesi ana tatizo la nyonga. Aina hii inajulikana kwa ugonjwa ambapo kiungo hakikai sawasawa kwenye tundu lake, na kuruka kila siku kunazidi kukikwangua. Muulize mwuzaji kama wazazi wa kijibwa walipigwa eksirei ya nyonga. Akicheka, salimia uondoke. Rottweiler na Boerboel ni walinzi wazito, waache walinde. Wenye pua fupi kama Bulldog na Pug wanapata shida ya kupumua hata wakiwa wamekaa, usiwakimbize kwenye jua la Mombasa kabisa.

Ukinibana nikutajie aina moja tu ya mbwa wa hati anayefaa bedsita ya Changamwe, nitasema Poodle wa saizi ya kati. Mwepesi, anashika haraka, hamwagi nywele nyingi, na ukimnyoa fupi joto linampungukia. Washkaji watakucheka, najua. Ndiyo kasoro yake kubwa.

Lakini kabla hujaanza kumsaka Poodle, hebu tazama mbwa wanaofanya kazi hapa hapa kwetu. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina mbwa wa kunusa pembe za ndovu na mali nyingine ya magendo kwenye bandari na Uwanja wa Ndege wa Moi. African Wildlife Foundation nayo ina mpango ulioanza mwaka wa 2014, unaowafunza mbwa wa aina hii pamoja na washikaji wao kule Usa River, karibu na Arusha. Mbwa hao hawachaguliwi kwa masikio yaliyosimama wala kifua kipana. Wanachaguliwa kwa wazimu wa mpira. Mpira ukifichwa kwenye majani marefu, mbwa anayefaa anautafuta hadi aupate, hata apite paka, hata kontena lidondoke kando yake. Kwake ile pembe ni njia tu ya kulipwa mpira. Na hata hao wanachoshwa na joto: bandarini Mombasa imejaribiwa njia ya kunyonya hewa ya ndani ya kontena kwa chujio, kisha chujio hilo likapelekewa mbwa analinuse kivulini.

Ukilielewa hilo la mpira, umeelewa mbwa wa mashindano pia. Aina inakupa bahati nasibu nzuri zaidi. Anayekimbia uwanjani ni huyo mbwa mmoja uliyemchagua.

Nina rafiki Port Reitz. Alichanga miezi minne akanunua "German Shepherd safi" kupitia WhatsApp, akaletewa stendi ndani ya katoni. Miezi sita baadaye masikio yalikuwa bado yamelala, mkia umejikunja juu, miguu mirefu mikavu. Koko mtupu! Mwuzaji alishabadilisha laini. Rafiki yangu aliona haya hata kutembea naye mchana. Sasa kwa vile pesa imeshaenda, akaamua amfunze tu. Kwa wiki moja yule mbwa alikuwa anasubiri mlangoni hadi aambiwe toka. Leo anaruka matairi chakavu yaliyoombwa gereji kama hana mifupa, hana kupe wengi, hahemi ovyo, na kelele hazimshtui. Kwa nini zimshtue? Amekua akisikia ndege zikitua, honi za trela, adhana, na maboda usiku kucha. Mbwa wa kulelewa kwenye kasri la kimya angezimia siku ya kwanza ya shindano.

Sikudanganyi kwamba kila koko ni bingwa. Wengi wamezoea kujitegemea na watakufanyia ubasenji wao. Ila mlango wa kimataifa umeshafunguliwa. Chama cha mbwa cha Marekani, AKC, kilianza kuwaruhusu mbwa mchanganyiko kushindana katika utiifu na wepesi mwaka wa 2010. Mei 2024, shindano kubwa la wepesi la Westminster, New York, lilishindwa na Nimble, mbwa mchanganyiko wa Border Collie na Papillon. Alikuwa wa kwanza asiye wa aina moja safi kulitwaa, na alitoka kwenye kundi la wafupi.

Kwa hivyo kabla ya kulipa mtu yeyote, pigia klabu simu uulize: mbwa asiye na hati anaingia kwenye shindano lipi? Jibu hilo linaweza kukuokolea makumi ya maelfu ya shilingi, au kukuambia kwamba kweli unahitaji wa hati. Na ukihitaji wa hati, nenda ukamwone mama yake kwa macho yako. Picha si mama.

Ukifika mbele ya vijibwa, usimkimbilie yule anayerukia wenzake wote, wala yule aliyejificha kona. Viringisha mpira wa soksi uone nani anaufuata na nani anaurudisha. Angusha kifuniko cha sufuria: wote watashtuka, wewe mtafute anayerudi kukinusa. Tembea, uone nani anakufuata bila kuitwa. Majaribio haya hayatabiri kila kitu, kijibwa ni kijibwa, na ndiyo maana binafsi ningechukua mbwa wa mwaka mmoja aliyeachwa. Tabia yake tayari unaiona. KSPCA hutafutia makao mbwa wa namna hiyo.

Halafu kuna majirani, jambo ambalo video haikuonyeshi. Changamwe tunaishi kwa kubanana, na jirani yako pengine ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafi. Kwake mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo au nguo iliyoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hakuchukii wewe wala Bosco. Mbwa wako akimlamba akienda msikitini umempa kazi, basi. Mbwa awe kwenye kamba koridoni, kinyesi ukizoe mwenyewe, na uongee na landilodi kabla mbwa hajafika, si baada. Kama Mwislamu ni wewe, Qur'ani inataja wanyama waliofunzwa kuwinda na masheikh wamelizungumzia sana suala la mbwa wa ulinzi, kaa na wako akueleze. Na chanjo ya kichaa cha mbwa si hiari, ni sheria. Daktari wa mifugo atakupa cheti, kitunze. Siku mama wa ploti atakapouliza, utamwonyesha karatasi badala ya kubishana.

Vizuizi usinunue. Mabomba ya plastiki ya hadiwea yanatosha kwa viunzi na nguzo, tairi unaomba gereji. Malipo ya mbwa yawe vipande vidogo vya maini ya kuchemsha au omena mkavu, na umpe pale pale anapotii. Kijibwa asiruke juu kabla mifupa haijakomaa. Shirikisho la kimataifa, FCI, haliruhusu mbwa kushindana katika wepesi kabla ya miezi 18, na sababu ni hiyo. Muda huo wote utakuwa unafanya mambo ya kuchosha: keti, subiri, njoo. Dakika tano asubuhi, tano jioni, kila siku, hata siku ya mvua, hata siku Gor wanacheza.

Jaribu hivi wiki hii, kabla ya kuwa na mbwa wowote. Amka saa kumi na moja na nusu alfajiri siku saba mfululizo, nenda hadi uwanja wa shule uliopata ruhusa ya kuutumia, tembea nusu saa, rudi. Ukifika siku ya saba bila kuruka hata moja, nitafute nikuelekeze kwa rafiki yangu wa Port Reitz. Ana matairi ya ziada.