Pugu: Chimbuko la mito ya Dar ambalo wakazi wa jiji hawalijui

WAKAZI wengi wa Jiji la Dar es Salaam wanaufahamu Mto Msimbazi pale unapofikia mwisho wake. Wanaufahamu kwa harufu yake Kigogo, kwa foleni inayotokea Barabara ya Morogoro inapofungwa Jangwani, na kwa tope linalobaki katika nyumba za bondeni baada ya masika. Ni wachache waliowahi kufika unakoanzia, ingawa chimbuko hilo lipo umbali wa kilometa 25 hivi tu kutoka katikati ya jiji, katika milima ya Pugu, mpakani mwa Dar es Salaam na Wilaya ya Kisarawe.

Neno milima hapa limetumika kwa heshima. Miinuko ya Pugu haizidi sana mita 300 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyekulia Moshi au Tukuyu angeiita vichuguu. Lakini kwa jiji lililojengwa juu ya uwanda wa mchanga, ndiyo miinuko pekee yenye msitu wa asili, upepo wa kuburudisha na mahali ambapo mtu husimama akatazama chini bila kupanda ghorofa.

Umuhimu wake hauishii hapo. Mbali na Msimbazi, ambao husafiri takriban kilometa 35 hadi baharini karibu na daraja la Salender, mito miwili mikubwa ya Temeke nayo hupata maji yake kutoka miinuko hiyo hiyo. Huo ni Kizinga, unaopita Mtoni, na Mzinga, unaovukwa na Barabara ya Kilwa kule Kongowe. Mto Kizinga umekuwa ukilisha mtambo wa maji wa Mtoni, ambao ni mdogo ukilinganishwa na ile ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, lakini ulikuwa ukiwanywesha wakazi wa jiji kabla haujawa na ukubwa wa leo. Kwa maneno mengine, anayepanda Pugu kwa miguu au kwa baiskeli anapanda kwenye mtungi wa Temeke, Ilala na Kinondoni kwa pamoja.

Ndani ya msitu

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilitengwa kuwa hifadhi wakati wa ukoloni, miaka ya 1950. Sasa imeunganishwa na kupewa hadhi ya Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mgeni hupita ofisini, hulipa kiingilio na hupewa mwongozaji. Ni vyema asikatae kuongozwa, kwani njia nyingi msituni zimetengenezwa na wakata kuni na wachoma mkaa, na haziishii popote panapofaa.

Kinachofuata ni matembezi ya saa mbili hadi nne, kutegemea miguu ya mhusika. Njia hupanda na kushuka katika mabonde yenye vijito vyembamba ambavyo wakati wa kiangazi hubaki madimbwi tu. Maji yake ni meupe. Anayeyaona kwa mara ya kwanza hupata taabu kuamini kwamba ndiyo hayo hayo yanayopita Vingunguti yakiwa na rangi ya wino.

Msitu huu ni masalio ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo wataalamu wa viumbe huihesabu miongoni mwa hazina kubwa za uhai duniani. Ipo mimea iliyobeba jina la Pugu katika vitabu vya sayansi, kama vile Baphia puguensis na Millettia puguensis. Yupo pia komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia uliosimama manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Alitambuliwa kuwa spishi ya peke yake miaka ya 1990, na tangu mwaka 2006 ametajwa zaidi ya mara moja katika orodha ya jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini zaidi kutoweka duniani. Makazi yake ni vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania, na viwili kati ya hivyo vinapakana na Dar es Salaam: Pugu-Kazimzumbwi na Pande.

Kivutio kinachowafurahisha zaidi vijana ni mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Ndani yake wanaishi popo kwa maelfu. Jua likizama hutoka kwa mkupuo mmoja, wakapita juu ya vichwa vya watazamaji kama moshi.

Kwa baiskeli

Waendesha baiskeli wana njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya lami: kutoka Gongo la Mboto hadi Pugu Kajiungeni, barabara inapogawanyika, kisha mkono wa kulia kupanda kuelekea Kisarawe. Mwinuko huo hauonekani ukiwa ndani ya basi, lakini mapaja hayadanganyiki. Ya pili inawafaa wakazi wa Temeke: kutoka Mbagala Rangi Tatu kupitia Chamazi, Mbande na Msongola hadi Chanika, halafu Pugu. Hii hupita katikati ya mikorosho, miembe na viwanja vipya vilivyowekewa mawe ya mipaka.

Shida ni kutoka mjini. Njia za baiskeli zilizojengwa sambamba na barabara za mabasi yaendayo haraka, mradi ulioanza kutoa huduma Mei 2016, mara nyingi huwa maegesho ya bodaboda au mahali pa kupanga mitumba. Umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, UWABA, umelalamikia suala hili kwa miaka mingi. Wengi huamua kupakia baiskeli kwenye gari na kuanza safari wakifika Pugu, jambo ambalo ni busara, ingawa linasikitisha.

Mahali hapa pana historia ya kutembea. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Fransisko, sasa Sekondari ya Pugu, hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili ashughulikie TANU. Husimuliwa kwamba alikuwa akishuka mjini kwa miguu kuhudhuria mikutano.

Kinachopotea

Yote haya yapo hatarini, na mkono unaoyahatarisha ni wa jiji lenyewe. Kwa miongo kadhaa msitu wa Pugu umekatwa kwa ajili ya mkaa unaopikia wali wa Buguruni na Tandika. Mteremko ukibaki mtupu, mvua huondoka na udongo, na udongo huo hujaza mkondo wa mto huko chini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande, Kinondoni.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya kuendeleza bonde hilo. Mpango huo unahusisha daraja jipya la Jangwani na kugeuza sehemu ya bonde la chini kuwa bustani ya jiji. Ni mpango mzuri, lakini bustani hiyo itajaa tope iwapo vilima vya juu vitaachwa vipara.

Jirani na Mabwepande ndipo ulipo msitu wa Pande, wa kilometa za mraba 12 hivi, uliofanywa Pori la Akiba mwaka 1990. Kwa wasomaji wengi jina hilo bado linakumbusha mauaji ya Januari 2006 ya wafanyabiashara watatu wa madini na dereva teksi. Hofu hiyo imewanyima wakazi wa Mbezi na Bunju mahali pa kutembea palipo karibu nao kuliko Pugu.

Kwa anayekusudia kwenda Pugu, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo inayofaa zaidi, kwani masika na vuli hufanya njia ziteleze na vijito visivukike. Daladala za Kisarawe na Chanika hupita jirani. Abebe maji, viatu vyenye soli ngumu na tochi, hasa iwapo atawasubiri popo, maana wao hutoka giza likiingia na msitu hauna taa.