KUCHAGUA CHIRIKU WA KUFUGA: UADIMU HAUTOSHI

Ipogolo iko bondeni, chini ya mji wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Mwanachama mwenye kiwanja kidogo mahali kama hapo hawezi kufuga ng'ombe wengi, lakini nafasi ya banda la ndege haikosi. Miongoni mwa ndege wafugwao ni chiriku, jina linalotumika hapa kwa ndege wote wadogo wala mbegu. Wafugaji wengi wapya humtamani kwanza aliye adimu, wakiamini kuwa uadimu ndio bei. Kabla chama hakijaidhinisha mkopo kwa mradi wa namna hiyo, jambo hili lifahamike vyema.

CHIRIKU WA KIPENGERE

Nyanda za Juu Kusini zina chiriku wake, ajulikanaye kwa jina la milima ya Kipengere. Ni ndege wa rangi ya kahawia, mwenye michirizi kifuani na mdomo mnene. Hukaa katika misitu ya milimani na kandokando yake, na hapatikani nchi nyingine yoyote duniani ila Tanzania. Kwa sababu hiyo mtu aweza kudhani kuwa huyu ndiye mali. Sivyo.

Kwanza, wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kumtega bila leseni ni kosa. Pili, ndege aliyezoea msitu hawi mzazi mara tu afungiwapo. Wengi hugoma kula au hufa kabla ya kutaga. Tatu, kila jozi itolewayo katika eneo dogo hupunguza mbegu ya ndege asiye na makao mengine.

SOKO LA NG'AMBO

Katika miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje ndege wa porini kwa wingi, na wengi walikufa safarini. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia uagizaji mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uagizaji mwaka 2005 kwa kuhofia homa ya mafua ya ndege, kisha ukaufanya uamuzi huo kuwa wa kudumu mwaka 2007. Tanzania yenyewe ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Basi makisio ya mradi yasitegemee fedha za kigeni.

FUNZO KUTOKA AUSTRALIA

Chiriku wa Gould, mwenye kifua cha zambarau na tumbo la manjano, amepungua sana porini kwao Australia. Nchi hiyo ilizuia kuuza nje ndege wake tangu mwaka 1960. Hata hivyo, ndege huyo ni mwingi katika vizimba vya mataifa mengine, kwa kuwa wafugaji walimzalisha kizazi baada ya kizazi. Adimu anayefaa ni huyu: aliyezaliwa kizimbani na wazazi waliozaliwa kizimbani. Aliye adimu kwa sababu amebaki mchache msituni aachwe msituni.

MAMBO YA KUPIMA

(a) Asili. Muuzaji aonyeshe hati za ndege wake. Kibali huombwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), na afisa mifugo aulizwe juu ya magonjwa.

(b) Chakula. Ulezi, uwele na mtama hupatikana Iringa. Lakini makinda ya aina nyingine huhitaji wadudu kila siku.

(c) Jozi. Zinunuliwe jozi kadhaa zisizo za ukoo mmoja, la sivyo vizazi vitadhoofika.

(d) Baridi. Banda lizibwe upande wa upepo, hasa kwa usiku wa Juni na Julai.

(e) Usalama. Mlango uwe maradufu. Shomoro wa Java, mla mpunga, aliletwa na wanadamu akazaana porini kisiwani Pemba, ilhali kwao Indonesia amepungua sana kwa kutegwa.

Kwa anayeanza, chiriku pundamilia wa Australia ni mwalimu mzuri. Dume hutambulikana kwa mashavu yake ya rangi ya chungwa. Mayai huatamiwa kwa muda wa wiki mbili hivi, na makinda hutoka kiotani baada ya siku 20 hivi. Akiisha kulea vizazi vichache bila hasara, mfugaji aweza kupanda daraja hadi chiriku wa Gould.

WAJIBU WA MAKATIBU

Katibu apokeapo ombi la mkopo, na aulize: ndege alizaliwa wapi, kibali kiko wapi, na mnunuzi wa hapa nchini ni nani? Kila ndege avishwe pete, na daftari lionyeshe wazazi wake, siku ya kuanguliwa na aliyemnunua. Ombi lisilo na majibu hayo lirudishwe kwa mwombaji, wala lisifikishwe mbele ya kamati.