Wenye Ulemavu na Safari za Elimu na Kujitolea Ughaibuni

Dhana imekita katika nyoyo za wengi kwamba mtu mwenye ulemavu ni wa kupokea hisani tu, asiye na cha kuwapa wenziwe, na kwa sababu hiyo habari ya kijana kiziwi au asiyeona kufunga safari ya kwenda kusoma ng'ambo, au kwenda kuwatumikia watu wa nchi nyingine bila ujira, aghalabu husikilizwa kama jambo la muhali. Yaliyokwisha kutendeka yanaikanusha dhana hiyo, na shahidi ninayemtanguliza ni Andrew Foster.

Foster alizaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Alabama, Marekani, na alipokuwa na umri wa miaka 11 homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu. Mwaka 1954 alihitimu katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, mjini Washington, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada hapo. Na ilhali angeweza kutafuta kazi kwao akatulia, aliazimu kuvuka bahari, na mwaka 1957 akafungua shule ya viziwi nchini Ghana. Kwa muda wa miaka 30 hivi alizunguka Afrika akianzisha shule, zikapindukia 30, hata mauti yakamfikia mwezi wa Desemba 1987, ndege aliyoipanda ilipoanguka nchini Rwanda. Ninavyoona mimi, uziwi wake ndio uliokuwa rasilimali yake kubwa, maana watoto wale, ambao wengi wao hawakupata kumwona mtu mzima kiziwi mwenye elimu, walimwona mbele yao mwalimu anayezungumza nao kwa mikono bila ya mkalimani, na wazazi nao wakaona yale ambayo mtoto wao anaweza kuyafikia. Kweli, ishara alizofundisha zilikuwa za Kimarekani, na wapo wanaohoji kwamba ziliziviza ishara za wenyeji, hoja ambayo haifai kupuuzwa. Lakini haiifuti fadhila yake.

Mwingine ni Sabriye Tenberken, Mjerumani aliyepoteza nuru ya macho utotoni, akasoma elimu ya Tibet katika Chuo Kikuu cha Bonn, akabuni maandishi ya nukta nundu ya Kitibeti, kisha mwaka 1998 akafungua shule ya watoto wasioona mjini Lhasa.

Siku hizi msafiri wa namna hii ana sheria ya kuegemea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, Kenya ikauridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, nao unataja waziwazi haki ya kupata elimu ya juu bila ubaguzi. Huko Marekani, tangu mwaka 1981 ipo jumuiya ya Mobility International USA, mmoja wa waasisi wake akiwa Susan Sygall, mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu na ambaye mwenyewe aliwahi kusoma Australia. Kazi ya jumuiya hiyo ni kuwapa maarifa wasafiri wenye ulemavu na vyuo vinavyowapokea.

Hata hivyo sheria haipandishi kiti ngazini. Yampasa mwanafunzi, mara akubaliwapo chuoni, aandike mapema aeleze bila haya anachohitaji, awe ni mkalimani, vitabu vya nukta nundu au chumba cha chini, maana mambo hayo hayatengenezwi kwa siku moja. Kiziwi na ajue kwamba ishara za Uingereza na za Marekani hazifanani, ijapokuwa nchi zote mbili husema Kiingereza. Na mwenye kiti cha betri alijulishe shirika la ndege aina ya betri yake kabla ya safari, tena akumbuke kuwa umeme wa Marekani ni wa volti 120, ilhali wetu hupita 220.

Nanyi mnaogawa nafasi za masomo na za kujitolea, nawasihi mhesabu ndani ya fungu lenu gharama ya msaidizi na ya mkalimani, msimwachie mwombaji mzigo huo. Na wewe kijana mwenye ulemavu uliye na sifa zinazotakiwa, peleka maombi yako.