Kindu: Kiswahili na Kifaransa vinapomkwaza mwanafunzi wa Kiingereza

KINDU, Maniema – "Although it rained, but we crossed the river." Mwanafunzi wa Kindu anaweza kuandika sentensi hii bila kuhisi kasoro yoyote, kwani kwa Kiswahili imekaa vizuri: ingawa mvua ilinyesha, lakini tulivuka mto. Kiingereza hakitaki hivyo. Ukianza na "although", "but" inaondoka. Ukiitaka "but", basi "although" haina nafasi.

Kosa ni dogo, ila linaonekana haraka kwenye barua ya kuomba kazi. Na Kiingereza kimesogea karibu na mji huu. Tarehe 8 Aprili 2022, jijini Nairobi, Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wa 1999 unakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kindu huongea Kiswahili nyumbani na sokoni, husoma na kuandika Kifaransa shuleni na ofisini. Kiingereza ni cha darasani, tena kuanzia sekondari.

Kwa kawaida anayejua lugha mbili hupata ya tatu kwa urahisi. Kwenye viunganishi mambo hugeuka, hasa neno "when". Mswahili husema "nitakapofika Kindu nitakupigia", na ndani ya "nitakapofika" kuna "ta" ya wakati ujao. Mfaransa naye husema "quand j'arriverai", wakati ujao vilevile. Lugha zote mbili zinamsukuma mwanafunzi aandike "when I will arrive", na zote mbili zinampoteza. Kiingereza husema "when I arrive, I will call you": wakati ujao unabaki upande mmoja tu wa sentensi.

Kisha kuna "na", neno letu lenye kazi nyingi mno. "Nilikwenda sokoni na dada" haiwi "I went to the market and my sister". Hapo "na" ni "with". Na katika "samaki walinunuliwa na mama", hiyo "na" ni "by". Katika hizo mbili hakuna kiunganishi cha Kiingereza hata kimoja.

Hatari zaidi ni "unless", maana hii hugeuza maana yenyewe. Chukua abiria anayetaka kuvuka Lualaba kutoka katikati ya mji kwenda Alunguli. Mwenye mtumbwi anamwambia: usipolipa nauli, huvuki. Anayetafsiri neno kwa neno ataandika: "Unless you don't pay, you will not cross." Soma tena polepole. Sentensi hiyo inasema wanaovuka ni wale tu wasiolipa! Kukanusha tayari kumo ndani ya "unless", kwa hiyo "don't" inazidi. Sahihi ni "Unless you pay, you will not cross", au kwa njia nyepesi, "If you don't pay, you will not cross". Kwenye tangazo la kivukoni watu watacheka na kuelewana. Kwenye mkataba wa mzigo wa mchele au mawese, mwenye mzigo anaweza kudaiwa kile ambacho hakukusudia kuahidi.

Zoezi lisilo na gharama lipo. Andika sentensi mbili fupi, "It rained" na "We crossed", kisha ziunganishe mara tatu: kwa "but", kwa "although", kwa "because". Ile ya tatu ikikuchekesha, umeshaelewa kazi ya kiunganishi.