Ngoma ya Ala Isiyotegemea Matini: Mganda wa Ziwa Nyasa na Suala la Uhifadhi

Watafiti wa fasihi simulizi wamezoea kuikabili ngoma kupitia matini: hunakili maneno ya wimbo, kisha huchambua dhamira. Utaratibu huo hupwaya pale ngoma inapobebwa na ala na hatua. Mfano ni mganda, ngoma ya wanaume ya mwambao wa Ziwa Nyasa, mwambao ambao kwa upande wa Mbeya uko Kyela.

Mganda ni mzao wa beni, ngoma iliyozuka katika pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, anaonesha kuwa askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliieneza beni bara. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa uwanja wa vita hivyo: majeshi ya Jenerali Northey, yakitokea Nyasaland, yaliingia Iringa Agosti 1916.

Badala ya tarumbeta za shaba, wachezaji wa mganda hutumia malipenga ya vibuyu, yenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Mpigaji huvumisha sauti ndani yake, na utando huikwaruza. Kibuyu kikubwa hutoa sauti nzito, kidogo sauti nyembamba. Ngoma kubwa huongoza hatua za safu. Vyeo vya kikundi, kama vile mfalme na kapteni, hudhihirika katika mavazi na nafasi ya mchezaji. Mtafiti anayenakili maneno pekee hupoteza muziki, na hupoteza pia ngazi ya madaraka.

Suala hili liliwahi kupatiwa ufumbuzi kwingineko. Mwaka 1589, nchini Ufaransa, Thoinot Arbeau alieleza gaillarde, dansi changamfu ya makasri ya Ulaya. Ina mapigo sita na hatua tano: mguu hurushwa mbele mara nne kwa kupokezana, mchezaji huruka katika pigo la tano, hutua katika la sita. Arbeau aliziandika noti wima na kuweka jina la hatua mkabala na kila noti. Kwa sababu hiyo, gaillarde huweza kuchezwa hata leo.

Makala haya yanapendekeza mganda unakiliwe katika safu wima nne: pigo la ngoma kubwa, sauti ya lipenga, hatua, na cheo cha anayeitekeleza. Maneno, yakiwapo, yafuate baadaye. Mpangilio huo utamwezesha msomaji kuirejesha ngoma uwanjani, jambo ambalo matini peke yake haiwezi kulifanya.