Bonde la Ufa Huonekana Asubuhi

Anayetaka kuliona Bonde la Ufa sawasawa na aondoke Nairobi alfajiri. Barabara ya chini ya Naivasha, ile inayoachana na barabara kuu pale Rironi na kuteremkia Mai Mahiu, imechongwa kwenye ukuta wa mashariki wa bonde. Jua linapochomoza huwa mgongoni mwako, na kila kilicho mbele hupata mwanga: mashamba, mabati ya Mai Mahiu, mikunjo ya Mlima Longonot. Ikifika saa sita, joto na vumbi vimekwisha kuififisha milima yote. Alasiri jua hukupiga usoni. Hata hivyo wasafiri wengi husimama hapo jioni, wakirudi kutoka Naivasha au Maasai Mara, kisha wakashangaa mbona picha zao zimepauka.

Kuna sababu nyingine ya kusimama wakati wa kwenda. Kenya tunaendesha upande wa kushoto, na anayeteremka kutoka Nairobi huwa na bonde kushoto kwake. Anaingia tu kando ya barabara na kuegesha. Anayepanda kurudi Nairobi atalazimika kuivuka njia ya malori yanayoteremka, mengine yakiwa na mizigo ya kwenda Uganda na Rwanda, kwenye mteremko ambao umewahi kushinda breki nyingi. Pale kwenye kona usivuke kabisa, hata kama upande wa pili pana pimbi wanaoota jua kwenye mawe na mtoto anakuvuta mkono mkawatazame.

Sasa simama ukingoni utazame. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba sweta. Kulia kwako, kaskazini magharibi, ni Longonot yenye mita 2,776, na ukiikazia macho utaona kilele chake kimekatwa: hilo ni shimo la volkano, na ndani yake pana msitu. Inasadikiwa mlima huo ulitema moto mara ya mwisho katika miaka ya 1860. Kushoto, mbali kidogo, umelala Suswa, mpana na wa chini, unaoonekana kama kilima cha kawaida kwa asiyejua kwamba nao ni volkano. Katikati ya uwanda, hewa ikiwa safi, utaona madishi meupe ya kituo cha setilaiti cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970, ambako simu za Kenya za kwenda ng'ambo zilipitia kwa miaka mingi. Nyuma ya yote hayo ni Mau, ukuta wa pili wa bonde.

Wageni huuliza mto uko wapi. Wamezoea mabonde yaliyochimbwa na maji, wakidhani na hili lilifanyika hivyo. Hapa hakuna mto uliochimba. Gamba la dunia lilinyooshwa pande mbili hadi likapasuka, na kipande cha katikati kikadidimia kati ya nyufa hizo. Mashariki kuna bamba la Somalia, magharibi bamba la Nubia, na hadi leo yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Joto lililopanda kupitia nyufa hizo ndilo lililozaa Longonot na Suswa, na ndilo linalochemsha mvuke wa Olkaria, ng'ambo ya Longonot, ambako Kenya imekuwa ikizalisha umeme tangu 1981. John Walter Gregory, mwanajiolojia wa Uingereza, alifika huku mwaka 1893, na kitabu chake cha 1896 ndicho kilicholipa bonde hili jina la Kiingereza linalotumika duniani kote. Wamaasai walikuwa wakilisha ng'ombe humo chini zamani kabla ya Gregory kufika.

Kushuka ukuta huu hakujawahi kuwa kazi nyepesi. Wajenzi wa reli ya Uganda walipofika ukingoni mwishoni mwa karne ya 19, walilazimika kuteremsha mabehewa kwa kamba kwa muda, huku madaraja ya kudumu yakijengwa. Barabara unayosimama kando yake ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano, walioletwa Kenya baada ya Italia kushindwa Ethiopia mwaka 1941. Wafungwa hao walijenga pia kanisa dogo la Kikatoliki karibu na mwisho wa mteremko, mwaka 1942. Ni dogo kiasi kwamba watu kumi na wawili tu hulijaza. Wengi hulipita kwa kasi. Mimi naona safari ya ukingoni bila kusimama hapo haijakamilika, kwa sababu ndipo utakapowakumbuka walioivunja miamba ile kwa mikono.

Kuhusu picha, ushauri wangu ni mfupi. Mandhari mapana yakiwa peke yake hupoteza ukubwa wake kwenye kioo cha simu, kwa hiyo weka kitu karibu: tawi la mti, ukingo wa jiwe, mtu aliyekupa mgongo akitazama bonde. Gusa kioo pale penye anga kisha upunguze mwanga kidogo, mawingu yasipotee. Usivute kwa kukuza, sogea. Siku nzuri kuliko zote ni ile inayofuata mvua ya usiku, hewa ikiwa imeoshwa. Juni hadi Agosti ukungu wa Limuru huweza kufunika kila kitu hadi saa nne, na hapo dawa ni subira na mahindi ya kuchoma.

Vibanda vya mbao vimejengwa ukingoni kabisa, vingine vikisimama juu ya nguzo zinazoshuka kwenye mteremko. Humo kuna ngozi za kondoo, shuka za Kimaasai, kofia za manyoya na vinyago vya mawe ya Kisii. "Karibu mkubwa, kuangalia ni bure," utaambiwa. Ni kweli ni bure, lakini anayekuachia jukwaa lake la mbao usimame upige picha anategemea utanunua chochote. Nunua. Na ukitaka kumpiga picha yeye, muombe kwanza.

Mradi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit unagusa pia njia hii ya chini ya Mai Mahiu. Upana zaidi utaokoa maisha, na hilo halina ubishi. Lakini barabara ya kasi isiyo na mahali pa kusimama italifunga bonde hili kwa wananchi na kulibakiza kwa watakaoweza kulipia hoteli za ukingoni. Wizara ya Barabara na serikali ya Kaunti ya Kiambu zitenge maegesho yaliyo mbali na malori, kingo imara, vyoo na mapipa ya taka, na wauzaji walioutunza ukingo huu miaka yote wapewe vibanda vya kwanza.