Sura ya 6: Nazi, Kostiki na Mizani

Awasse, kaskazini mwa Msumbiji, ni njia panda. Barabara inayotoka Macomia na ile inayoshuka kutoka Mueda hukutana hapo, kisha safari inaendelea hadi Mocímboa da Praia, baharini. Upande wa pwani kuna minazi, bara kunalimwa ufuta, na mbarika humea wenyewe pembeni mwa mashamba. Malighafi ya sabuni, kwa hiyo, haiko mbali. Umeme ndio uliokuwa wa shida: kituo cha kupozea umeme cha Awasse, kilicholisha wilaya za kaskazini mwa Cabo Delgado, kiliharibiwa katika vita vilivyoanza Oktoba 2017, na kijiji chenyewe kilikuwa mikononi mwa waasi hadi Julai 2021, askari wa Rwanda na wa Msumbiji walipokichukua. Kwa familia inayorudi kuanza maisha upya, sabuni ni kitu cha kununua kila wiki, tena ni miongoni mwa vitu vichache vya dukani vinavyoweza kutengenezwa kwa kuni, ndoo na mwiko. Ndiyo maana sura hii nimeiweka Awasse.

Kwanza tuondoe porojo moja. Utasikia watu wakitangaza sabuni "ya asili isiyo na kemikali". Haipo. Kila sabuni duniani, iwe ya bibi kijijini au ya kiwanda, huzaliwa mafuta yanapokutana na alkali kali. Mafuta yameundwa kwa asidi za mafuta zilizoshikamana na gliserini. Alkali huvunja mshikamano huo, ikajiunga na asidi, na gliserini ikabaki huru. Kilichotoka si mafuta tena wala si alkali. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeeleza jambo hili kwa ufasaha, katika kitabu chake cha mwaka 1823, ingawa watu walikuwa wamepika sabuni kwa maelfu ya miaka kabla yake. Sabuni iliyokomaa vizuri haina alkali kali ndani yake kwa sababu yote imekwisha kazi. Lakini bila alkali hiyo isingekuwepo.

Alkali za sabuni ni za aina mbili. Ile ya sodiamu, kostiki inayouzwa ikiwa chembe au vipande vyeupe, hutoa sabuni ngumu ya mche. Ile ya potasiamu hutoa sabuni laini ya kuchota, na hiyo ndiyo iliyo jikoni kwetu tangu zamani, ndani ya majivu. Anayejua kuchuja magadi ya majivu ya kulainishia maharage tayari ameshika nusu ya ufundi. Makumbi ya nazi na maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi kuliko kuni za kawaida, kwa hiyo majivu yake hayafai kutupwa. Yaweke kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kutandikwa nyasi, mimina maji ya mvua kidogo kidogo, na kinga yanayotoka chini.

Hata hivyo maji hayo ni dhaifu. Sehemu kubwa ya alkali yake ni kaboneti, ambayo hugeuza mafuta kuwa sabuni kwa shida sana. Hapo ndipo pwani ina bahati. Chokaa ya matumbawe, ile iliyojenga nyumba za Ibo na Kilwa, ikishazimwa kwa maji na kuchanganywa na magadi ya majivu, huichukua ile kaboneti na kuzama nayo chini ikiwa unga mweupe kama chaki. Maji yanayobaki juu ni makali kweli. Afrika Magharibi, sabuni nyeusi bado inatengenezwa kwa majivu ya maganda ya kakao na ya ndizi, na ni sabuni nzuri. Tatizo la majivu ni moja tu: ukali wake haujulikani. Kuna njia ya zamani ya kutumbukiza yai bichi uone linaelea kiasi gani, nayo inasaidia, lakini haitoshi kwa sabuni ya kumwogesha mtoto. Vitabu vya zamani pia husema sabuni ya majivu hugeuzwa kuwa ngumu kwa kuimwagia chumvi. Kwa mafuta mengi ni kweli. Kwa nazi usijisumbue, maana sabuni yake huyeyuka hata kwenye maji ya chumvi.

Sifa hiyo ndiyo inayoifanya nazi kuwa mfalme wa pwani. Karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, ambayo sabuni yake ni ngumu na yenye povu jingi, hata kwa maji ya bahari au ya kisima cha mwamba wa matumbawe ambamo sabuni nyingine huishia kuwa utando wa kijivu. Wafaransa waliujua utajiri huu mapema. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wao walinunua ufuta na mbata Zanzibar na kuzipakia melini hadi Marseille, mji uliokuwa na jina kubwa duniani kwa sabuni. Mafuta yaliondoka pwani hii kama mazao, na faida ya kuyageuza kuwa sabuni ikabaki ng'ambo. Kwa sehemu kubwa hali bado ni hiyo kwa ufuta wa Cabo Delgado, unaosafirishwa ukiwa mbegu.

Mafuta ya nazi ya nyumbani hayana siri: nazi zilizokomaa zikunwe kwenye mbuzi, machicha yakamuliwe, tui lipikwe kwa moto wa wastani. Maji yanakauka, povu linatulia, mashata yanazama na kuwa ya kahawia, na mafuta yanasimama juu yakiwa meupe kama maji. Sikiliza sufuria: ikiendelea kupiga mripuko mdogomdogo bado kuna maji ndani. Ikinyamaza, epua. Mafuta yenye maji huchacha haraka na kuharibu hesabu, kwa kuwa utakuwa unapima maji ukidhani ni mafuta. Lita moja inakula nazi zaidi ya kumi, kwa hiyo sabuni ya nazi haiwi ya bure.

Sasa hesabu. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 183 hivi ili igeuke yote kuwa sabuni; kilo ya mawese, gramu 141; ya ufuta, 134; ya mbarika, 128. Tofauti hizi si ndogo. Atakayetumia kipimo cha nazi kwa mawese ya Kigoma atapata sabuni ya kubabua ngozi, na atakayefanya kinyume chake atapata sabuni ya mafutamafuta, maana mafuta mengi yatabaki bila kugeuka. Chukua mfano wa kilo moja: gramu 800 za nazi na gramu 200 za ufuta. Nazi inataka gramu 146.4, ufuta 26.8, jumla 173.2. Usiweke zote. Punguza asilimia 8, ubaki na gramu 159, ili mafuta kidogo yasalie bila kugeuka na kuilinda ngozi, kwani nazi tupu husafisha mno hadi inakausha. Maji ni mara mbili ya kostiki, yaani gramu 320 hivi.

Kipimo cha kikombe au kijiko hakifai hapa. Chembe za kostiki hazilali sawa kwenye kikombe, na katika unyevu wa pwani huvuta maji ya hewani, zikashikana na kupungua nguvu. Inunue ikiwa kavu, ifunge sana, na uipime kwa mizani ya gramu.

Jambo la pili la hatari ni sufuria yenyewe. Sufuria nyingi za majumbani ni za alumini, na kostiki huila alumini: mchanganyiko unachemka, unatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na sufuria inatoboka. Tumia chuma kisichoshika kutu au ndoo ngumu ya plastiki. Na siku zote kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji, taratibu, nje penye upepo, macho yamefunikwa. Ukifanya kinyume, maji yatachemka ghafla na kukurukia. Ikikugusa, osha kwa maji mengi mfululizo. Usipoteze muda kutafuta siki au ndimu.

Mchanganyiko huo hupata joto wenyewe bila moto. Uache upoe mpaka ndoo iwe vuguvugu kwa nje. Vitabu vya nchi za baridi hukuambia uyeyushe mafuta ya nazi kwanza. Kaskazini mwa Msumbiji huwa yameshayeyuka, kwani huganda chini ya nyuzi 25 hivi. Mimina maji ya kostiki kwenye mafuta, koroga kwa mwiko bila haraka wala kuacha, hadi yawe mazito kama uji na tone linalodondoka lichore alama juu kabla ya kuzama. Kwa mkono hilo laweza kuchukua saa nzima; zamu za watu wawili zinasaidia. Mimina kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa nailoni. Sabuni ya nazi huwa ngumu upesi, hivyo ikate siku hiyohiyo, kidole kikiacha alama ndogo tu, la sivyo kesho itamegeka vipande. Kisha ipange kivulini ipitiwe na upepo kwa wiki 4 hadi 6.

Mapambo ni hiari. Paje, Zanzibar, wanawake huweka mwani uliosagwa na kuwauzia watalii. Nimeulizwa kama musiro unaweza kutiwa, ule mti unaosagwa juu ya jiwe na wanawake wa Ibo kwa ajili ya uso. Unaweza, lakini kostiki haichagui, itaukoroga na kuubadilisha kama inavyobadilisha kila kitu. Mimi ningeuacha usoni unakofaa.

Kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado Aprili 2019, kipindupindu kilifuata Pemba ndani ya wiki chache. Dhidi yake, pamoja na maji salama, sabuni yoyote inayotoa povu inatosha, iwe ya nazi au ya dukani, iwe na harufu au isiwe nayo. Ng'ambo ya Ruvuma, nchini Tanzania, SIDO, shirika la viwanda vidogo, hufundisha vikundi kutengeneza sabuni, na anayeweza kuhudhuria mafunzo ya namna hiyo aende kabla ya kuwaza soko. Anayeanza peke yake anunue mizani kabla ya kununua kostiki. Na kostiki hiyo isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji: mtoto akinywa funda moja, koo lake linaungua, na huenda asimeze chakula vizuri maisha yake yote.